Nyuma Yako Wako Wenzako

Mada kwa vijana wanamichezo wa Ekalakala, Machakos, katika mwezi mtukufu wa Ramadhani

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na Swahaba zake. 

Huenda ukashangaa na kujiuliza: jarida la Ramadhani, halafu mada ya besiboli? Tumezoea mwezi huu kusoma habari za nguzo za saumu, zaka ya fitri na usiku wa Laylatul Qadr. Hayo ni mambo makubwa na yana wanaoyajua zaidi yangu. Lakini hebu tuulizane: kijana wa Kiislamu akitoka msikitini anaenda wapi? Wengi wenu mnaenda uwanjani, na huko uwanjani ndiko watu wanakokujua wewe ni nani. Huku Masinga sisi Waislamu ni wachache. Wako wanafunzi wenzako ambao hawatawahi kusikia khutba hata moja, lakini watakuona unavyocheza. Basi uchezaji wako nao ni da'awa.

Na mchezo wenyewe si haramu ukiwa na mipaka yake. Mtume (S.A.W.) alishindana mbio na Bi Aisha (R.A.), alishika mieleka na Rukana, na aliwahimiza vijana kujifunza kurusha mishale. Kwa hiyo tusione haya kuzungumza habari za kurusha mpira.

MCHEZO WENYEWE NI UPI?

Kama hujawahi kuiona besiboli, ifikirie raunda ya shule ya msingi, iliyokuzwa. Mrushaji anasimama juu ya kilima kidogo katikati ya uwanja. Mbele yake yuko mpigaji ameshika gongo, na nyuma ya mpigaji amechuchumaa mdakaji mwenye glavu kubwa. Nyuma ya mrushaji wametawanyika wachezaji saba wa timu yake. Jumla ni tisa. Mpigaji akiupiga mpira anakimbilia besi ya kwanza, kisha ya pili, ya tatu, mpaka arudi nyumbani. Hapo timu yake inapata pointi.

Mpigaji anaweza kutolewa kwa njia nyingi, lakini tuzigawe mafungu mawili. Njia ya kwanza, mrushaji anamshinda peke yake: anakosa mara tatu, straiki tatu, anarudi kukaa. Njia ya pili, mpigaji anaugusa mpira, lakini unadakwa hewani, au unaokotwa chini na kutupwa besi ya kwanza kabla hajafika. Mrushaji akirusha mipira minne mibaya, mpigaji anapewa besi ya bure.

Sasa swali letu la leo ni hili, na warushaji wa shule za sekondari wanaulizana kila msimu: je, mrushaji atafute kuwamaliza wapigaji wote mwenyewe kwa straiki tatu, au aurushe mpira mahali ambapo mpigaji ataugusa vibaya, kisha awaachie wenzake wafanye kazi iliyobaki?

Kwa haraka haraka kijana atajibu: straiki tatu! Kwani nani hapendi? Uwanja mzima unashangilia, jina lako linatajwa, na mpigaji anaondoka kichwa chini. Mpira ukiviringika chini na mwenzako akauokota, anayepigiwa makofi ni yeye. Lakini subiri kidogo. Jibu la haraka si lazima liwe jibu sahihi.

TUANZE NA WA NYUMBANI

Kabla ya kwenda ng'ambo, tumtazame mwenzetu mzaliwa wa Mombasa, Asif Karim. Mchezo wake ni kriketi, binamu wa besiboli, na huko nako mrushaji ana swali hilohilo: nimtoe mpigaji kwa nguvu zangu, au nimbane apige palipo na wenzangu?

Asif Karim alikuwa nahodha wa Kenya katika Kombe la Dunia la mwaka 1999, kisha akastaafu. Mwaka 2003 aliombwa arudi, akiwa na umri wa miaka 39. Umri huo wengine wamebaki kutazama tu. Tarehe 15 Machi 2003, mjini Durban, Kenya ilikutana na Australia, timu ambayo haikufungwa mchezo hata mmoja katika mashindano yale na ndiyo iliyotwaa kombe. Kenya ilipiga mikimbio 174. Kwa Australia hicho kilikuwa kitu kidogo, na walianza kukifukuza kwa fujo.

Ndipo Asif Karim akapewa mpira. Hakuwa na kasi. Alikuwa mrushaji wa mkono wa kushoto, wa mpira wa taratibu unaojizungusha. Alirusha mipira 50. Katika mipira hiyo 50 Australia walipata mikimbio 7 tu, na wapigaji watatu wakatoka: Ricky Ponting nahodha wao, Darren Lehmann na Brad Hogg. Ova sita nzima zilipita bila mkimbio hata mmoja.

Kenya ilishindwa siku ile, tuseme ukweli. Australia walimaliza wakiwa na wiketi tano mkononi. Lakini mchezaji bora wa mechi alichaguliwa kutoka upande ulioshindwa, naye ni Asif Karim. Alifanya nini? Aliuweka mpira mahali palepale, tena na tena, mahali ambapo mpigaji akiugusa hapati njia. Hakujaribu kumtisha mtu. Alikuwa na subira, na subira ile ndiyo iliyowaletea wakubwa wa dunia taabu.

HESABU HAIDANGANYI

Turudi kwenye besiboli, tupige hesabu. Mchezo wa sekondari una zamu 7, na kila zamu unahitaji kutoa wapigaji watatu. Hao ni wapigaji 21 wa kutolewa.

Straiki tatu haziwezi kupatikana kwa mipira chini ya mitatu. Na mara nyingi si mitatu, ni mitano au sita, kwa sababu anayetafuta straiki anauchezesha mpira pembeni pembeni ili mpigaji adanganyike, na mwingine hadanganyiki. Tuseme mipira 5 kwa kila mpigaji. 21 mara 5 ni mipira 105, na hapo hatujahesabu hata mmoja aliyefika besi. Ongeza saba waliofika besi, unapata wapigaji 28, mipira 140.

Sasa anayerusha ili upigwe. Wengine wanaugusa mpira wa kwanza, wengine wa pili, wengine wa nne. Tuseme wastani ni 3. Mkubalie kuwa watakaofika besi kwake ni wengi zaidi, tuseme tisa. Wapigaji 30 mara 3 ni mipira 90. Huu ni mfano tu wa kutufunza, lakini unaona tofauti: mmoja amemaliza mchezo, mwingine amemaliza mkono.

Tofauti hiyo ina maana kubwa kwa sababu ya sheria. Katika Little League, jumuiya kubwa ya besiboli ya vijana ambayo tangu mwaka 2007 inahesabu mipira ya kila mrushaji, kijana wa miaka 13 hadi 16 haruhusiwi kupita mipira 95 kwa siku. Katika sekondari za Marekani nako, tangu mwaka 2017 kila jimbo linatakiwa liwe na kipimo chake. Basi yule wa mipira 140 hafiki mwisho. Atatolewa zamu ya tano, na timu itabaki na mrushaji wa akiba ambaye hakujiandaa.

Utaniambia: "Lakini wakubwa wote wanasifiwa kwa straiki!" Haya, tuwaangalie wakubwa wawili wa Marekani. Nolan Ryan ndiye mwenye rekodi ya straiki tatu nyingi kuliko wote, 5,714. Ni ajabu kubwa. Lakini yeye huyohuyo ndiye mwenye rekodi ya kutoa besi za bure nyingi kuliko wote, 2,795. Alishinda michezo 324 na kupoteza 292. Mwingine ni Greg Maddux. Huyu hakuwa na kasi ya kutisha. Alirusha chini, pembeni, akabadilisha mwendo, akawaacha wapigaji wauguse vibaya. Katika maisha yake yote alitoa besi za bure 999 tu, akashinda michezo 355 na kupoteza 227. Mwezi Julai 1997 alimaliza mchezo mzima wa zamu 9 kwa mipira isiyofika 80.

Na sasa sikiliza hili kwa makini: Maddux huyohuyo ana straiki tatu 3,371. Hakuzikimbilia, zilimfuata. Ukirusha vizuri ili upigwe, wengine watakosa wenyewe. Ndiyo maana nasema straiki ni kama riziki ya halali: fanya kazi yako sawasawa, itakujia kwa kiasi chake.

MKONO NI AMANA

Hapa ndipo penye uzito wa maneno yangu, kijana. Mwili huu hukuununua. Mtume (S.A.W.) alimkumbusha Swahaba wake aliyezidisha ibada kuwa mwili nao una haki yake. Kama mtu anaonywa asiuchoshe mwili kupita kiasi hata kwa kufunga na kusimama usiku, itakuwaje kwa makofi ya uwanjani?

Kijana wa miaka 14, 15, 16 mifupa yake bado inakua. Kwenye kiwiko na begani kuna sehemu laini ambazo mfupa unaongezeka kutokea hapo. Kila ukirusha kwa nguvu zote, kano za ndani ya kiwiko zinavutwa, na sehemu hizo zinavutwa pamoja nazo. Ukipumzika zinapona. Usipopumzika zinachanika kidogo kidogo, na wewe unasema "ni uchovu tu".

Watafiti wa Marekani waliwafuata warushaji 481 wa umri mdogo kwa miaka kumi, wakatoa matokeo mwaka 2011: waliorusha zaidi ya zamu 100 kwa mwaka walikuwa na hatari ya kuumia vibaya mara tatu na nusu kuliko wenzao. Utafiti mwingine wa mwaka 2006 ulionyesha kuwa kijana aliyezoea kurusha huku mkono umechoka alikuwa katika hatari mara 36. Mara thelathini na sita, bwana! Tatizo kubwa liko hapo, katika kuendelea kurusha wakati mkono wenyewe umekuambia basi.

Kuna upasuaji wa kuunganisha kano ya kiwiko. Daktari Frank Jobe aliufanya kwa mara ya kwanza mwaka 1974 kwa mrushaji Tommy John, na upasuaji ukabaki na jina lake. Mtu akipasuliwa hukaa mwaka mzima au zaidi kabla ya kurusha tena. Wenzetu wana timu za kuwalipia. Wewe wa Ekalakala, ukichana kano, nani atalipa? Mzee ndiye atauza mbuzi. Na mkono huohuo ndio utakaoshika jembe, ndio utakaoandika mtihani.

Tazama mfano wa Japani, nchi ambako besiboli ya sekondari inafuatwa na taifa zima. Mwezi Agosti 2018, katika mashindano makubwa ya Koshien, shule ya kilimo ya Kanaashi iliyoko mkoa wa Akita ilifika fainali ikibebwa na mrushaji mmoja, Kosei Yoshida. Katika michezo sita alirusha mipira 881, kwenye joto kali, akiwamaliza wapigaji kwa straiki mpaka nchi nzima ikamjua. Ilipofika fainali dhidi ya Osaka Toin, mkono haukuwa na kitu tena. Alitoa pointi 12 katika zamu tano, akaondolewa kilimani, na timu ikafungwa 13 kwa 2. Alhamdulillah, yule kijana alipata baadaye timu ya kulipwa. Lakini Wajapani wenyewe walishtuka, na kuanzia mwaka 2020 waliweka kikomo cha mipira 500 kwa wiki moja. Hata hiyo ni mingi.

"LAKINI WENZANGU WANADONDOSHA!"

Sasa tufike kwenye hoja ya kweli, maana nisingekuwa mwadilifu kuificha. Mrushaji wa sekondari atasema: "Mwalimu, nyie mnasema niwaamini wenzangu. Mimi nikirusha, mpira ukapigwa pole pole kabisa, yule wa besi ya pili anaupitisha katikati ya miguu. Afadhali nimalize mwenyewe."

Ana haki ya kulalamika. Kwa watu wazima wanaolipwa, katika mipira kumi inayoguswa ikabaki ndani ya uwanja, kama saba hivi inazaa kutolewa. Kwa vijana wa shule inakuwa pungufu. Na viwanja vyetu je? Huku kwetu ardhi ina kokoto na vumbi, mpira unaviringika vizuri, ghafla unagonga jiwe unamrukia mtu usoni. Mtu wa namna hiyo ukimwambia "waamini wenzako" anakuona unaota.

Lakini tazama kinachotokea ukimaliza kila kitu mwenyewe. Wale saba nyuma yako wanasimama zamu nzima bila kuguswa na mpira. Mwili unapoa, akili inaenda nyumbani, mwingine anachora chini kwa kiatu. Ule mpira mmoja utakapopigwa, ndio atakaoudondosha, na wewe utasema, "Si niliwaambia?" Kumbe wewe ndiye uliyewalaza. Mlinzi anayeletewa mpira mara kwa mara yuko macho. Na asiyeaminiwa mwezi mzima hawezi kuaminika kwa siku moja.

Dawa ni mazoezi, lawama hazijengi timu. Kabla ya mazoezi zungukeni uwanja na reki na ndoo, mtoe kokoto. Mrushaji uwe wa kwanza kushika reki. Kisha kila mmoja apigiwe mipira thelathini ya kuviringika, asogee kwa miguu, apinde magoti, glavu iguse chini. Na wewe mrushaji usikae kivulini, ingia uokote nao. Wakijua unaijua shida yao, watajitupa chini kwa ajili yako.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Wazee wetu wa Ukambani nao wana methali hiyohiyo kwa lugha yao. Na Mtume (S.A.W.) aliwafananisha waumini na jengo ambalo sehemu yake moja inaishika nyingine. Jengo halina tofali la nyota.

KUMBUKENI UHUD

Na nyinyi mnaosimama nyuma, msidhani mada hii haiwahusu. Katika vita vya Uhud, mwaka wa tatu wa Hijria, Mtume (S.A.W.) aliwaweka wapiga mishale 50 juu ya kilima, chini ya Abdullah bin Jubayr (R.A.), akawaamuru wasiondoke, Waislamu washinde au washindwe. Vita vikaanza kwenda vizuri. Wale wa kilimani wakaona wenzao wanakusanya ngawira, wakafikiri kazi imekwisha, wengi wakashuka. Adui akazunguka akapitia nafasi ile iliyoachwa wazi. Mtume (S.A.W.) akajeruhiwa, na Waislamu wapatao 70 wakauawa, akiwemo Hamza (R.A.).

Silinganishi mchezo na jihadi, Mungu apishe mbali. Nasema tu kuwa funzo la kukaa mahali ulipowekwa ni moja. Kukaa mahali pako hata kama mpira hauji, hata kama hakuna anayekutazama, hiyo ni kazi nzima. Mrushaji anakuamini kwa sababu uko pale.

NJIA YA KATI

Je, nasema straiki tatu ni mbaya? Hapana. Dini yetu ni ya wastani, na mchezo huu nao una wastani wake. Shika haya:

1. Mpira wa kwanza uwe straiki. Usianze kwa kuogopa gongo. Mrushaji mwoga ndiye anayetoa besi za bure, na besi ya bure hakuna mwenzako anayeweza kuidaka.

2. Rusha chini, usawa wa magoti. Mpira wa chini hupigwa upande wake wa juu, kwa hiyo unaviringika ardhini. Mpira wa juu hupigwa upande wa chini, unapaa na kwenda mbali.

3. Badilisha mwendo. Mkono uonekane una kasi ileile, lakini mpira mmoja uwe wa haraka na mwingine wa taratibu. Mpigaji akiwahi au akichelewa kidogo tu, anaugusa kwa ncha ya gongo.

4. Ukishapata straiki mbili, hapo tafuta ya tatu. Umeshalipia, chukua haki yako. Rusha nje kidogo ya eneo, mpigaji aliyebanwa atakimbilia.

5. Adui akiwa besi ya tatu na hamjatoa wawili, tafuta straiki kwa nguvu zako zote. Hapo hata mpira unaoguswa vibaya unaweza kumwingiza nyumbani. Huu ndio wakati ambao kumaliza mwenyewe ni wajibu wako kwa timu.

6. Kiwiko kikiuma, sema. Usimfiche mwalimu wa michezo. Kuficha maumivu ili uendelee kuonekana si ushujaa.

Tofauti iko katika nia. Yule anayetafuta straiki kwa sababu timu inaihitaji na yule anayeitafuta ili atajwe wanarusha mpira uleule. Mtu hawezi kuwatofautisha kwa macho, lakini matendo huhesabiwa kwa nia.

SAUMU INATUFUNZA NINI?

Na hapa ndipo Ramadhani inapoingia. Ibada nyingi zinaonekana. Ukiswali unaonekana, ukitoa sadaka aliyepokea anajua. Lakini saumu haionekani. Hakuna anayejua kama kule shambani ulikunywa maji au hukunywa. Ndiyo maana mwezi huu ni shule ya kupambana na riyaa. Mrushaji anayerusha chini, mpira ukaviringika, mwenzake akauokota na kupigiwa makofi, naye akatabasamu akarudi kilimani, amefaulu mtihani wa aina hiyohiyo: amefanya kazi ambayo sifa zake zimekwenda kwa mwingine.

Saumu inatufunza pia kuacha. Chakula kipo na mkono unafika, lakini unaacha. Mrushaji naye anazo nguvu za kurusha mpira wa kutisha, lakini anazihifadhi hadi zitakapohitajika.

Wale mnaofunga na kucheza, jueni kuwa mchezo wa shule si udhuru wa kuacha saumu. Mwenye tatizo amwone imamu wake. Lakini msijidhulumu. Kuanzia alfajiri hadi Maghribi ni zaidi ya saa 13 bila tone la maji, na jua la Masinga mnalijua. Mwili usio na maji unachoka mapema, na nimeshakuambia mkono uliochoka unaleta nini. Mwezi huu rusheni saa ya mwisho kabla ya Maghribi, kwa nguvu nusu, mipira michache, mkilenga mahali badala ya kasi. Daku msiiache. Mwambie mwalimu wako kwa adabu kwamba umefunga. Wengi wataelewa ukiwaeleza mapema.

Wala saumu haimfungi mtu kufanya vizuri. Hakeem Olajuwon, mcheza kikapu wa Houston, alicheza akiwa amefunga, na mwezi Februari 1995, ulioangukia Ramadhani, akachaguliwa mchezaji bora wa mwezi katika ligi ya NBA.

TUSIJIDHARAU

Mwisho, msiseme "sisi ni wa Ekalakala, hayo ni mambo ya Wazungu". Mwaka 2012 watoto wa Lugazi, Uganda, walikuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali za dunia za Little League kule Marekani, na wakaifunga timu ya Oregon 3 kwa 2. Mwaka 2022 vijana wawili wa Uganda, Ben Serunkuma na Umar Male, walisajiliwa na Los Angeles Dodgers. Lugazi ni mji mdogo wa mashamba ya miwa. Mlango upo. Lakini hata usipoupita mlango huo, na wengi wetu hatutaupita, mkono mzima na marafiki saba waliokuamini ni faida tosha ya mchezo.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu (S.W.) atutakabalie saumu zetu na visimamo vyetu, ahifadhi viungo vya vijana wetu, awaondolee riyaa katika ibada na katika mchezo, na awafanye kuwa jengo moja linaloshikana. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.